Saluni Juu ya Kisima

Mama yao alizaa mara mbili tu, na ungewaona hao mabinti ungedhani kila mmoja ana mama yake. Mkubwa alikuwa mpole, mzito wa kusema, mtu wa kukaa na jiwe mkononi akaligeuza-geuza mchana kutwa na akaridhika. Mdogo alianza kuongea kabla hajaota meno, na tangu hapo hakuona sababu ya kupumzika; ndiyo maana watu wote, mpaka mume wake, walimwita Chiriku. Mkubwa alisomea miamba akawa mwanajiolojia. Chiriku alifungua saluni.

Kazi ya mkubwa ilikuwa ya visima, tena si vya maji. Kabla wao hawajazaliwa, kampuni za gesi zilikuwa zimeutoboa ukingo wa mji ukabaki kama chekeche. Gesi ilipopungua, kampuni zikaviziba visima kwa chochote kilichokuwa karibu, zikafungasha virago, zikaenda zao. Mji nao ukakua ukavikalia. Mkubwa alifanya kazi katika idara iliyovitafuta visima hivyo na kuviziba upya, ila moyo wake ulikuwa maabara, kwenye swali moja alilolishikilia muda mrefu kuliko ndoa za watu wengi. Saruji inamwagwa vizuri ndani ya kisima, inakauka, inapimwa, watu wanapeana mikono. Kwa nini basi, baada ya miaka, inajitenga na bomba la chuma na kuacha upenyo wa gesi kupandia?

"Dada, wenzako wanapenda watu," Chiriku alizoea kumwambia. "Wewe unapenda mashimo."

"Siyapendi. Nayaziba."

"Mtu hashughulikii kitu miaka yote hiyo kama hakipendi."

Jumamosi moja Chiriku akampigia simu. "Dada, njoo uniangalizie sinki la kuoshea nywele. Fundi bomba kaja mara mbili, kanywa chai yangu, kaondoka, na bado linanguruma."

"Linanguruma vipi?"

"Kama tumbo la mtu aliyekosa chakula. Na linanuka. Wateja wanashikwa na kichwa, halafu wanasema ni mdomo wangu."

Siku nyingine mkubwa angecheka. "Linanuka nini?"

"Kama mafuta ya taa yaliyochacha."

"Nisikilize. Usiwashe kitu, usizime kitu, usiguse swichi yoyote. Toa watu wote nje sasa hivi."

"Dada, nina mtu ana dawa kichwani!"

"Na dawa yake, nje!"

Alipofika na kipima gesi mkononi, aliwakuta wamejipanga kando ya barabara kama wanaosubiri kupigwa picha. Wengine walikuwa na taulo mabegani, wengine na rola kichwani. Mwalimu mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, na ile nusu nyingine imesimama wima kama imeitwa jina. Mkubwa akakata umeme kwenye meta iliyokuwa nje, mbali na mlango, kisha akaingia peke yake. Hatua chache tu kutoka kwenye sinki, kile kifaa kikaanza kulia, na hakikunyamaza mpaka alipotoka.

"Kuna nini?" Chiriku akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema maneno mawili tu.

"Kuna kisima chini ya saluni yako, mdogo wangu. Na kinapumua."

Kabla Chiriku hajapata la kujibu, yule mteja mwenye dawa akapiga ukelele. Dawa ilikuwa inamuunguza kichwa. Nyumba ya mkubwa ilikuwa mtaa wa pili, basi wakaongozana wote mbio, mwenye dawa mbele, Mwalimu nyuma ameshikilia nywele zake, Chiriku katikati akiwahimiza. Wakamwosha mteja kwenye sinki la jikoni. Mwalimu akakalishwa kwenye kochi la sebuleni akamaliziwa kusukwa. Rola zikapangwa juu ya kabati la vitabu, kati ya vipande vya miamba. Na kwa kuwa saluni ilikuwa imezungushiwa utepe wa tahadhari, Jumatatu yake Chiriku akarudi hapo hapo, na wateja wengine nyuma yake. Hakuna aliyeomba ruhusa, wala hakuna aliyenyimwa.

Huko saluni, kikosi cha idara kilifika na mtambo mdogo. Msimamizi wao alikuwa baba mmoja mnene waliyemwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolitumia kwa kila jambo, hata kukoroga chai. Ramani ya ofisi ilikiweka kisima ng'ambo ya barabara. Kifaa cha kutafuta chuma kilikionyesha chini ya chumba cha nyuma, kile cha kuoshea nywele. Wakabomoa sakafu, wakachimba, na mdomo wa bomba ukajitokeza, mpana kama ndoo, umefunikwa kwa bati zito lililochomelewa upande upande.

Chiriku alikuja kutazama mikono ikiwa kiunoni. "Si mlisema kilizibwa zamani? Sasa gesi inapita wapi?"

"Kati ya saruji na bomba," mkubwa akamweleza. "Saruji imesinyaa kidogo ikaachana na chuma. Upenyo wenyewe ni mwembamba kama unywele."

"Unywele wa nani?"

"Unywele tu."

"Hakuna unywele tu, Dada. Wa Mwalimu ni kama utando wa buibui. Wa mume wangu unaweza kuanikia nguo."

Taratibu alicheka mpaka akavua kofia yake ngumu.

"Basi wa Mwalimu," mkubwa akasema, na akaona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Wiki zile nyumba yake ilimshinda kuitambua. Alikuwa amezoea kurudi kwenye ukimya, avue viatu, aweke chai, asome. Sasa alirudi akakuta sebule imejaa mvuke na vicheko, mtu asiyemjua amekalia kiti chake, na ripoti yake ya utafiti inatumiwa kupepea kucha zilizopakwa rangi. Nywele alizikuta kwenye sukari. Siku moja alimkuta mteja ameisoma ripoti ile kurasa kadhaa, na mteja akamuuliza kwa dhati kama hiyo saruji haingekuwa na nafuu kama wangeiwekea maji kidogo zaidi. Alikaa chini akamweleza kwa nini hapana, na wengine wakasogeza viti. Alipoondoka kwenda kubadilisha nguo alimsikia Chiriku akisema kwa majivuno, "Huyo ndiye dada yangu. Mkiwa na shimo lolote, semeni."

Alianza kurudi nyumbani mapema. Alijiambia ni kwa ajili ya kulinda vitabu.

Mkuu wa idara, mtu makini asiyepandisha sauti, alimwita ofisini asubuhi moja. Alijua kwamba maabara kulikuwa na mchanganyiko mpya wa saruji, kazi ya mkubwa ya miaka mingi. Badala ya kusinyaa ilipokauka, saruji ile ilivimba kidogo tu, ikalikumbatia bomba. Walikuwa wameipasha moto na kuipoza mara nyingi, na haikuwahi kuachia. Lakini kisima cha kweli ilikuwa haijakiona.

"Kisima hiki kinafaa kwa jaribio," mkuu akasema. "Ni kifupi, presha yake ni ndogo, na kinafikika. Tatizo ni ndugu yako. Nikikwambia jaribu, watasema umemfanya mdogo wako panya wa maabara. Nikikwambia acha, watasema tumemtetea ndugu. Nenda ukamweleze kama unavyomweleza mtu baki. Akikubali, nitaidhinisha. Na vipimo atasoma mtu wa kitengo kingine, si wewe."

Mkubwa alimkuta Chiriku anafagia sebule, wateja wamekwisha kwenda. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akayasema yote bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika atalegea.

"Saruji ya kawaida tunaijua. Itashika, na pengine baada ya miaka itaachia kama hii ilivyoachia. Yangu nadhani haitaachia. Nadhani, Chiriku. Sijui."

Chiriku akaegemea fagio. "Ikishindikana?"

"Tutaitoboa tuanze upya. Utakaa hapa muda zaidi."

"Na wewe ukinichoka?"

"Nimeshakuchoka. Hilo lisikusumbue."

Chiriku akacheka, halafu akawa hacheki. "Dada, mimi nilijifunza kusuka kwenye kichwa cha nani?"

"Changu."

"Na ile picha yako ya kuhitimu masomo, ambayo Mama aliigeuza ikatazama ukuta?"

"Ulikuwa umeninyoa upande mmoja."

"Kwa bahati mbaya! Nililia siku nzima. Wewe ukasema zitaota, na wiki iliyofuata ukaja tena ukakaa chini mbele yangu, ukainamisha shingo. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyethubutu." Akaokota kitana sakafuni, akakifuta kwenye nguo. "Kisima changu hicho hapo. Jifunze."

Mkubwa akachukua kizoleo, akainama, Chiriku akamfagilia nywele ndani yake.

Kazi ikaanza. Ukuta wa chumba cha nyuma uliondolewa, mtambo ukasimama mahali pake. Walipotoboa kizibo cha zamani walitoa vipande vya mbao, mawe, gunia lililooza, na kiatu kimoja cha mpira. Chiriku akakiangalia kiatu kile kwa huruma. "Mwenzake yuko wapi? Na mwenyewe alirudije nyumbani?" Taratibu akasema taratibu, tutamfikia na mwenyewe, na wafanyakazi wakashika mbavu.

Wakasafisha kisima mpaka chini. Kisha wakalisaga bomba lenyewe kwenye kipande kirefu, ili saruji mpya iguse mwamba badala ya chuma kilichochoka. Siku ya kumimina, mkubwa hakula. Alipima maji mwenyewe, akapima unga, akatazama mchanganyiko ukizunguka kwenye pipa kwa jicho la mama anayetazama uji usiungue. Saruji ikasukumwa chini kwa bomba jembamba, pole pole. Hapo tena hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

"Tunangoja nini?" Chiriku akauliza.

"Ikauke vizuri."

"Niilete drayer?"

Siku ya kipimo walikuja watu wengi kuliko walioalikwa. Mwalimu alileta kiti chake. Mpimaji wa kitengo kingine, bwana mwembamba mwenye miwani, alifunga mpira kwenye mdomo wa kisima, akasukuma presha ndani, akafunga valvu, akakaza macho kwenye geji, kile kipima presha ambacho mshale wake haupaswi kushuka. Mkubwa alisimama nyuma kabisa, kama alivyoamriwa, mikono ndani ya mifuko.

"Mshale unashuka," yule bwana akasema.

Alisema bila ubaya wowote. Mkubwa aliiona ile miaka yote maabara, moto na baridi, moto na baridi. Aliona saluni ikitobolewa upya. Chiriku alirudi nyuma akasimama karibu naye, akampitishia mkono kwapani, akamshikilia.

"Taratibu kwanza," msimamizi akanguruma. "Presha inaweza kutoroka juu hapa hapa, kwenye viungio. Nipeni sabuni."

Sabuni ya kikosi ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limetumwa. Kusikia sabuni, Chiriku akauachia mkono wa dada yake, akatimua mbio hadi mtaa wa pili, akarudi anahema na chupa ya shampuu, ile ya bei, yenye harufu ya ndimu. Taratibu akaikoroga na maji, akapaka povu lake kwenye kila kiungio. Kwenye kiungio cha tatu povu likaanza kutoa mapovu makubwa, yanavimba na kupasuka. Akakipa spana mizunguko miwili.

Mpimaji akasukuma presha tena. Mshale ukapanda, ukasimama. Watu wakasimama nao. Mpimaji akatazama saa yake, akatazama mshale, akavua miwani akaifuta, akatazama tena.

"Haujatikisika," akasema mwishoni. "Kimeshika."

Mwalimu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Taratibu akamrushia mkubwa kofia yake ngumu. Chiriku alimkumbatia dada yake kwa nguvu hadi kalamu zikavunjika mfukoni, akasema mambo mengi sana ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Hadithi ingeweza kuishia hapo kama si vigae. Kesho yake mkubwa alipita saluni akakuta makasha ya vigae vya buluu yamepangwa uani, na Chiriku anapima sakafu kwa hatua zake.

"Chumba cha nyuma nakirudisha kama kilivyokuwa," akamwambia kwa furaha, "ila sinki nalileta hapa, juu ya hicho kizibo chako, nikiosha watu niwaambie: mko salama, chini hapo yuko dada yangu."

Katika ripoti ya kila kisima alichoziba, mkubwa alikuwa akiandika jambo lile lile: pasijengwe juu yake, pabaki wazi. Alilijua tangu siku ile ya kwanza. Alikuwa amengoja kipimo, halafu akangoja furaha ipoe kidogo, na sasa vigae vilikuwa vimefika.

Akamwambia.

Chiriku hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alifunika makasha, akafunga mlango, akaenda zake. Siku zilizofuata alikuja sebuleni kama kawaida, akaosha watu, akasuka, akaseti, na hakufungua mdomo zaidi ya kusema inua kichwa, geuka huku. Wateja walikaa kimya kama wako kliniki. Mmoja alimuuliza mume wa Chiriku kama mkewe ni mgonjwa. Mwalimu alimvuta mkubwa pembeni jikoni akamnong'oneza, "Mwanangu, sijui mmekosana nini, lakini nirudishieni kelele zangu. Nimezeeka, siwezi kubaki na mawazo yangu mwenyewe."

Basi mkubwa akapiga moyo konde. "Mdogo wangu, kesho njoo kazini kwangu," akasema. "Hujawahi kufika."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo ya utani, Chiriku hakuwahi kuingia maabara. Alikuta chumba kirefu chenye tanuri, friji, na rafu zilizojaa vipande vya bomba vilivyojazwa saruji, kila kimoja na karatasi yake. Mkubwa akampa kimoja kilichokatwa kwenye kisima cha saluni kabla bomba halijasagwa. Chiriku akakielekeza dirishani. Kati ya chuma na saruji palikuwa na mstari wa mwanga, mwembamba mno.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinawaumiza kichwa," mkubwa akasema. "Waliokiziba kisima hawakuwa wabaya wote. Wengine walidhani wamemaliza. Mimi naiamini saruji yangu, Chiriku. Lakini sijui itakuwaje sisi tukiwa vikongwe. Nataka siku hiyo atakayekuja kuipima apate pa kuweka mtambo, asianze kwa kubomoa nyumba juu ya vichwa vya watu."

Chiriku aligeuza kile kipande mkononi. "Ningekuwa si mdogo wako, ungeniambia nini?"

"Hayo hayo. Ila ungeambiwa siku ile ya kwanza. Niliuogopa uso wako."

"Uso wangu!"

"Ulikuwa unafurahi."

Chiriku akapumua kwa pua, kama mtu anayetaka kuendelea kununa na ananyimwa nafasi. Akatembea kando ya rafu, akisoma karatasi. Mafundi wa maabara walizoea namba, lakini mkubwa alikuwa na udhaifu wake: vipande alivyovipenda aliviita majina. Kimoja kiliandikwa Mama. Kimoja Mwalimu, nacho kilikuwa na ufa mdogo. Cha mwisho, kipande kizito cha mchanganyiko mpya, kilichotiwa motoni na barafuni mara nyingi kuliko vyote, kiliandikwa Chiriku.

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Hicho hakiachii. Tumekipiga, tumekichoma, tumekigandisha. Kimeng'ang'ania tu."

Chiriku akakitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, na mkubwa akadhani analia, mpaka alipogeuka. "Umeniita saruji," akasema huku anafuta machozi ya kicheko. "Mimi, mtu mzima, na mume wangu, na biashara yangu. Saruji! Ngoja niwaambie kina Mwalimu." Na kutoka hapo mpaka nyumbani hakufunga mdomo.

Sinki lilihamishiwa chumba cha mbele, upande wa dirisha, na vigae vya buluu vikapanda ukutani nyuma yake. Mkubwa alishika brashi Jumapili nzima akapaka rangi milango, vibaya, na Chiriku akarudia kimya kimya alipoondoka. Pale nyuma pakaachwa wazi, pana mfuniko wa chuma na uzio mfupi. Mkuu wa idara akaidhinisha mchanganyiko utumike kwenye visima vingine viwili, na Taratibu akaomba apangiwe vyote.

Siku saluni ilipofunguliwa upya, mkubwa alirudi nyumbani akavua viatu, akaweka chai, akafungua kitabu. Kiti kilikuwa chake. Sukari ilikuwa safi. Akasoma ukurasa mmoja, akausoma tena, akagundua kwamba hajui umesema nini. Akavaa viatu.

Saluni ilijaa. Chiriku alikuwa na kitana mdomoni na bado anaongea. Alimwona kwenye kioo.

"Una miadi?"

"Sina."

"Basi kaa nyuma ya Mwalimu. Na leo utaninyamazia, nina habari ndefu."

Mkubwa akaketi. Mwalimu akamsogezea nafasi kwenye benchi.